Kamba ya Miguu ya Sezim

Moscow, 28 Machi 2006

Dada yangu Zuura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope ya theluji. Hujambo? Shemeji Jumabek hajambo, na mgongo wake umeacha kumsumbua? Wasalimie majirani wote wa kijiji chetu cha Kok-Jar, hata wale wasioniuliza. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii itafika nyuma ya mtoto. Batma ameondoka naye juzi kwenye behewa lake la treni. Nilimpa maziwa ya kopo, chupa, na blanketi. Nilipokuwa nikimkabidhi pale stesheni, kondakta mwenzake akaniambia, "Haraka, mama, treni haimsubiri anayelia." Nikasahau kitu kimoja, ndicho nakutumia sasa ndani ya bahasha hii.

Najua utamshonea kijishati cha siku ya arobaini. Wewe huwezi kukaa bila kushona. Utazunguka nyumba arobaini uombe kipande cha nguo kila nyumba, kama mama alivyotufanyia sisi. Basi hicho cha rangi ya machungwa ni changu. Nimekikata kwenye kizibao changu cha kazi, upande wa ndani, msimamizi asione. Nguo nyingine nzuri sina. Naomba kikae kifuani, mahali moyo ulipo, ili kuwe na kitu changu hapo.

Unajua sikumleta kwako kwa kupenda. Chumba chetu kiko chini ya ghorofa, tunalala wanawake wanane, mabomba yanavuja, na polisi wakigonga tunazima taa na kuwaziba watoto midomo. Baba yake tangu aende Siberia kukata mbao hajaandika hata neno. Maziwa bado yananijaa, dada. Nafagia huku kifua kimelowa.

Niandikie upesi alivyofika.

Mdogo wako,
Nurzat


Kok-Jar, 20 Aprili 2006

Mpenzi mdogo wangu Nurzat,

Tulia. Sezim amefika salama, mwekundu kama nyanya na mwenye hasira kama wewe. Sisi wazima. Jumabek alikwenda kumpokea Batma barabara kuu kwa farasi, akamrudisha mtoto ndani ya koti lake. Alipofika akasema, "Mke wangu, nimebeba kondoo wengi humu, lakini huyu ndiye wa kwanza kunikojolea na nikafurahi."

Kijishati kimekwisha, na tumemvisha siku yenyewe. Nilizunguka nyumba arobaini kwa miguu. Mke wa mwashi alinipa hariri ya bluu, mwalimu mkuu alinipa tai yake, yule mzee aliyefikisha miaka tisini alikata pindo la kanzu yake mwenyewe, mtoto apate umri wake. Nilikishona usiku na mchana. Wanawake waliokuja kula wamekipitisha mkono kwa mkono, wakasema hakijashonwa kijishati kama hiki tangu mama yetu afe.

Kipande chako kilifika kabla sijamaliza, sitakuficha. Nilikijaribu kifuani kama ulivyosema. Bibi Seil alipokiona akauliza, "Hii ni nguo ya mtu au bendera ya reli?" Wote wakacheka. Rangi ile inapiga kelele, Nurzat, inaziua rangi nyingine zote. Tena kila mtu hapa anajua vizibao hivyo ni vya nani huko Moscow. Sikutaka mtoto aanze maisha na alama ya ufagio kifuani. Pale nimeweka kipande cha gauni langu la harusi, cheupe, kimemkaa vizuri mno. Chako nimekihifadhi.

Usiudhike. Kula, ulale.

Dada yako,
Zuura


Moscow, 9 Mei 2006

Dada Zuura,

Salamu. Natumaini mko wazima. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma nimesimama uani na ufagio mkononi. Nikaisoma tena. Hiyo alama ya ufagio ndiyo niliyokuwa nimevaa mimba ilipokuwa tumboni. Sezim aliijua rangi hiyo kabla hajaijua rangi yoyote. Na wewe umeiondoa kwa sababu Bibi Seil amecheka! Bibi Seil ambaye meno yake yote mawili yanajulikana kwa majina!

Halafu mahali pangu ukajiweka wewe. Ungeweka tai ya mwalimu mkuu ningenyamaza. Umeweka gauni lako la harusi. Unadhani mimi sijui kusoma? Darasa la saba nilifika.

Nina wivu, dada. Nakwambia wazi, sijui kuzungusha maneno kama ninyi walimu. Nina wivu na mkono wako unaomvalisha. Nina wivu na koti la Jumabek.

Samahani kwa mwandiko. Vidole vimechanika. Tunafunga fagio za matawi kwa uzi wa nailoni, uzi ambao kisu hakiuwezi, tunaukata kwa kiberiti. Ukiuvuta vibaya unakula nyama.

Batma anakuletea kigari cha mtoto. Ni cha dukani, cha Kijerumani, kina paa na magurudumu manne. Sitaki abebwe kwenye koti kama mwanakondoo. Mwambie kila anayeuliza kwamba mama yake amekileta.

Mdogo wako,
Nurzat


Kok-Jar, 12 Septemba 2006

Mpenzi Nurzat,

Hujambo huko? Vidole vimepona? Sisi tumeshamaliza majani ya ng'ombe, Jumabek anachimba viazi, na mimi nimefungua shule. Nilikaa kimya muda mrefu kwa sababu barua yako iliniuma, nikaona nisijibu na moto mkononi.

Kigari kilifika, ahsante. Siku ya kwanza nilimtoa Sezim nacho mpaka darajani, magurudumu yakazama kwenye tope, ikabidi watu wawili wanitoe. Njia zetu unazijua. Sasa Jumabek anabebea viazi. Anasema, "Viazi vyangu vinatembea kama watoto wa mawaziri." Usikasirike, mtoto bado analala ndani ya kitanda kilekile cha kubembea tulicholalia mimi na wewe. Nimekipaka rangi upya na kukishonea godoro la sufu.

Nakwenda naye darasani. Nani mwingine angekaa naye? Kitanda nimekiweka kona karibu na jiko. Mwaka huu nimelipamba darasa kuliko wakati wowote. Watoto wamekata maua kwa madaftari ya zamani, tumeyachovya kwenye maji ya maganda ya vitunguu yakawa ya dhahabu, mengine kwenye maji ya kiazi chekundu. Tumetunga ndege wa karatasi kwa uzi kutoka ukuta hadi ukuta. Sezim analala chali akiwatazama wale ndege wakizunguka kwa joto la jiko. Kama ningemwandikia mtu barua ya furaha, ningemwandikia kuhusu hilo tu.

Juzi akanitazama akasema ma-ma. Wanafunzi wote wakapiga makofi. Elnura, yule msichana wa mwashi, akasema, "Mwalimu, amekuita!" Nikamwambia watoto wote husema hivyo.

Dada yako,
Zuura


Moscow, 2 Oktoba 2006

Dada Zuura,

Salamu kwako na kwa wa nyumbani. Majani yameanza kuanguka, yaani kazi imezidi. Unafagia ua, ukifika mwisho mwanzo umejaa tena.

Barua yako nilimsomea Tursunai, yule anayelala kitanda cha juu yangu. Nilipofika kwa wale ndege akasema, "Dada yako ana mikono ya baraka."

Nikamwambia, "Ana mikono mirefu."

Akasema, "Mjibu vizuri, Nurzat. Huyo ndiye anayemlea."

Nikamwambia ateremke alale chini kama anampenda sana.

Hilo neno, dada, lilikuwa langu. Najua hajui anachosema. Najua angemwambia hata ng'ombe. Lakini lilitoka mara moja tu kwa mara ya kwanza, na halitatoka tena kwa mara ya kwanza. Darasa zima limelisikia. Binti wa mwashi amelisikia. Mimi nimelisoma.

Natuma picha yangu. Tulipiga uwanjani siku ya mapumziko, nimeazima koti la Tursunai, kizibao hakionekani, Bibi Seil asiwe na shida. Ibandike karibu na kitanda. Mwonyeshe kila siku useme: huyu ndiye mama, mimi ni mama mkubwa. Sema hivyohivyo.

Na usimshonee kila kitu. Niachie kitu.

Mdogo wako,
Nurzat


Kok-Jar, 30 Desemba 2006

Mdogo wangu Nurzat,

Mwaka mpya uwe mwema kwako. Huku baridi imekuwa kali hadi ndoo za maji zinapasuka. Sisi ni wazima. Sezim ana meno manne na ameuma picha yako kwenye kona, lakini uso umebaki.

Namwonyesha kila siku, kama ulivyosema. Huyu mama, mimi mama mkubwa. Anacheka. Halafu ananikumbatia mimi. Nifanye nini, nimsukume?

Namtengenezea vibuti vya sufu ya kondoo wetu. Nimeipiga kwa maji moto na sabuni mpaka imeshikana kama ngozi. Nimevifanya vikubwa ili avivae hadi mwaka kesho, na shingoni nimedarizi pembe za kondoo kwa uzi mwekundu. Najua umesema nikuachie kitu. Lakini sakafu ina barafu, Nurzat, miguu yake haiwezi kungoja.

Sasa nakuandikia jambo ambalo nimelianza mara nyingi nikachana karatasi. Miaka tisa nimeolewa, na unajua. Babu yetu mwenyewe alizaliwa nyumba nyingine, baba yake akampa mdogo wake asiye na mtoto, na hakuna aliyeona ajabu. Jumabek hajanituma, ingawa akimshika Sezim mgongo wake unapona. Nakuomba mimi mwenyewe. Nipe. Wewe ni kijana, utazaa wengine. Utakuja kumwona utakapo, atajua wewe ni nani. Hatajua baridi ya chini ya ghorofa. Atakuwa wetu sote, ila nyumba iwe moja.

Usinijibu kwa hasira. Fikiri kwanza.

Dada yako,
Zuura


Kok-Jar, 11 Februari 2007

Nurzat,

Hujambo? Batma amepita mara mbili akasema hana barua yako. Anasema amekuona stesheni, ukamwambia umechoka, huna la kuandika.

Sezim anasimama akishika ukuta. Wiki moja mbili atatembea. Watu wameanza kuuliza juu ya kamba ya miguu, ile anayofungwa mtoto anapoanza kutembea kisha ikakatwa ili asijikwae maishani: nani ataisokota na lini tutaikata.

Hata tusi, niandikie.

Dada yako


Moscow, 8 Machi 2007

Dada Zuura,

Salamu. Natumaini Shemeji na mtoto ni wazima. Leo ni sikukuu ya wanawake, wanawake wa ghorofani wamepewa maua, sisi tumefagia maua waliyoangusha.

Umeniambia nifikiri kwanza. Nimefikiri majira yote ya theluji. Nimepasua barafu kwa mtaimbo nikifikiri. Jibu ni hapana.

Sikulaumu kwa kuomba. Lakini ulivyoomba uliandika "utazaa wengine". Wewe ulipopotewa na mbuzi mmoja ulimtafuta mlima mzima, wengine hawakukutosha.

Kamba ya kumfunga miguu naituma mimi. Ni yangu. Umeshona kijishati, umepaka kitanda, umepiga vibuti, umepamba hadi hewa anayoitazama. Kamba nimesokota mwenyewe, kitandani, na Tursunai ameshika ncha ya pili. Sufu nyeusi imetoka kwenye soksi zangu. Nyeupe nimeifumua kwenye ile skafu uliyonifumia nilipoondoka. Ndiyo, nimeifumua. Ilikuwa na joto, lakini kila nikiivaa ni wewe uliyenikaba shingo.

Nisikilize vizuri. Msiikate bila mimi. Najua mtoto asiyekatwa kamba anajikwaa. Ajikwae kidogo. Nakuja mwezi wa tano, nimeshamwomba msimamizi. Nitamsimamisha mwenyewe, nimshike mikono kwa nyuma, watoto wakimbie, atakayeshinda aikate mbele yangu, na hatua za kwanza nizione mimi. Ukiikata bila mimi, huna mdogo.

Nurzat


Kok-Jar, 26 Aprili 2007

Nurzat,

Sisi wazima, isipokuwa mtoto.

Kamba imefika. Ni nzuri, imesokotwa ikakaza kama ya kufungia farasi. Nimeitundika ukutani tunaitazama.

Lakini Sezim hakungoja mwezi wa tano. Sikukuu ya Nooruz ya mwezi wa tatu ilipofika alikuwa anatembea darasani akishika madawati, katikati ya matawi na maua tuliyopamba. Sasa anaacha madawati, anakwenda hatua tatu, nne, anaanguka. Anaanguka kuliko mtoto yeyote niliyemwona. Jana ameangukia ukingo wa jiko, mdomo umepasuka, damu imejaa kijishati chake. Bibi Seil alikuja na siagi ya kumpaka, akasema mbele ya watu, "Mama yake amemfunga miguu kutoka Moscow. Mtoto si farasi." Safari hii hakuna aliyecheka.

Wewe utasema ni vibuti vyangu vikubwa. Jumabek amesema hivyohivyo nikamfukuzia zizini. Mimi nasema ni kamba yako.

Unafikiri wivu ni wako peke yako? Kila jioni naishika picha yako usawa wa macho yake. Anaibusu. Nimemfundisha mwenyewe. Halafu naizima taa nakaa pale. Mimi sina picha inayobusiwa, Nurzat. Nikifa leo, kesho atakuwa na mama bado. Wewe unalia kwa kuwa uko mbali naye. Mimi niko naye mapajani na nalia.

Njoo upesi, au niruhusu.

Zuura


Moscow, 10 Mei 2007

Dada,

Salamu. Mdomo wake umepona? Niambie ukweli, utabaki na kovu?

Siji. Msimamizi amezifungia pasipoti zetu kabatini. Nilikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara ya kwanza akasema baada ya sikukuu. Mara ya pili akasema apatikane wa kushika nafasi yangu. Mara ya tatu nikamwambia mtoto wangu ameanza kutembea. Akasema, "Basi mwambie atembee aje huku." Wenzake wakacheka. Amesema mwezi wa kumi.

Nilirudi uani nikafagia mahali palepale mpaka mzee mmoja wa ghorofani akafungua dirisha akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kateni.

Lakini kwa kamba yangu, si nyingine. Na asikimbie mtu wa nyumba yako. Wakimbie watoto wa shule. Atakayemshika kwa nyuma ni wewe. Neno hilo nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena, ndiyo maana karatasi imetoboka.

Niandikie kila kitu. Usipambe. Andika kama mimi.

Mdogo wako,
Nurzat


Kok-Jar, 3 Juni 2007

Mdogo wangu Nurzat,

Pokea salamu za kijiji kizima, na leo ni kijiji kizima kweli. Kovu halitabaki.

Umesema nisipambe. Uwanja wa shule, saa nne asubuhi, jua kali, vumbi. Nilikuwa nimekaanga maandazi madogo, boorsok zetu, tangu alfajiri nikazimwaga juu ya kitambaa karibu na mlango wa darasa. Watoto wangu waliwatoa ndege wa karatasi nje wakawafunga kwenye uzio. Sezim alivaa kijishati cha viraka, kinambana sasa, na vibuti vyangu. Nikamfunga kamba yako miguuni juu ya vibuti, nikamshika mikono kwa nyuma kama ulivyotaka kufanya wewe. Picha yako nilimpa Jumabek aishike mbele, Sezim aione. Jumabek mkono ukawa unatetemeka, watu wakamwambia, "Shika shemeji yako vizuri, atapata kizunguzungu!"

Watoto walikimbia kutoka mtoni. Elnura alishinda, amevua viatu, amevitia kwapani. Nikampa kisu. Akapiga magoti, akakata.

Kamba haikukatika.

Akakata tena. Sufu nyeusi ikaachia, nyeupe ikaachia, katikati pakabaki uzi mwembamba unang'aa. Elnura akasugua kisu kama anachonga mti. "Mwalimu, haikatiki!"

Nikamwambia, "Tia nguvu."

"Nimetia zote!"

Mwashi baba yake akaja na kisu cha kuchinjia. Naye akasugua, jasho likamtoka. Bibi Seil akasema, "Huyo hakusokota kamba, amesokota kufuli." Watu wakaanza kucheka, na mimi nimeinama nimemshika mtoto, nikautazama ule uzi kwa karibu, na nikaujua. Uliniandikia habari zake mwenyewe. Uzi wa fagio! Ule usiokubali kisu. Ulinitumia kamba ambayo haiwezi kukatwa, Nurzat, na ukaniambia nisikate.

Nakuambia, wakati ule ningekuwa nawe karibu ningekupiga kofi. Wote wanahangaika, mmoja anasema kiberiti, mwingine anasema mtamchoma mtoto, Jumabek amesahau picha ameigeuza juu chini.

Sezim akachoka na sisi. Aliziona boorsok. Akavuta mguu mmoja, ukachomoka ndani ya kibuti, kwa kuwa nilivifanya vikubwa. Akavuta wa pili. Akaniachia mikono. Akaenda, Nurzat, miguu mitupu, kwenye vumbi la moto, hatua moja, mbili, kumi, akaipita picha yako, akawapita watoto, hakujikwaa hata mara moja. Akafika kwenye kitambaa akakaa katikati ya boorsok akashika moja kila mkono.

Nikatazama chini. Vibuti vyangu vimesimama peke yao, vimefungwa na kamba yako, hakuna mtu ndani.

Nilianza kucheka mimi, wakafuata wote. Bibi Seil alicheka mpaka Jumabek akamshika asianguke. Halafu nikaingia darasani nikafunga mlango nikalia kidogo, nikanawa uso, nikatoka kugawa chai.

Tangu siku hiyo haanguki.

Kipande cheupe cha gauni langu nimekifumua kwenye kijishati. Sikukiweka chako mahali pake. Hapo kifuani nimepaacha wazi, pana shimo, na kipande chako cha machungwa kiko kwenye kikopo cha vifungo kinakungoja. Utakishona mwenyewe, hata kama kijishati hakimwingii tena.

Sijaomba tena lile jambo. Lakini siwezi kusema nimeacha kulitaka. Uliniambia niandike kama wewe.

Vibuti sijavifungua. Vimewekwa kabatini vilevile na kamba yake.

Dada yako,
Zuura


Moscow, 20 Juni 2007

Dada yangu Zuura,

Salamu nyingi kwako, kwa Shemeji mwenye mkono wa kutetemeka, kwa Elnura na kisu chake, na Bibi Seil mwambie namsalimu kwa jina. Mimi mzima.

Nilimsomea Tursunai barua. Alicheka hadi kitanda cha juu kikalia. Akasema, "Uliweka uzi wa fagio? Wewe mwanamke, wewe!" Nikamwambia ndiyo, niliuweka, na nilijua ninachokifanya. Nilisema moyoni, kama hawatangoja kwa kuombwa watangoja kwa nailoni. Halafu ulipoandika kuhusu mdomo wake nikaona aibu kukuambia, nikanyamaza nikasema labda kisu kitaweza.

Akageuka akalala. Nikaiona akilini ile miguu mitupu. Nikatazama yangu.

Jibu langu ni lilelile. Simtoi. Na wivu bado ninao, usidhani boorsok zako zimeuondoa. Nina wivu na lile vumbi. Lakini nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu stesheni, kwa sababu nimejua anatembea, na nimejua ni nani alikuwa nyuma yake.

Sasa naomba kitu. Mvue soksi, msimamishe juu ya karatasi ya daftari, uzungushie penseli mguu wake, wa kulia na wa kushoto, unitumie kwa Batma. Msimamishe vizuri, asikunje vidole, unajua atakunja, mpe boorsok. Tursunai anajua mtu sokoni wa kunipatia sufu. Nimeambiwa ni maji moto na sabuni, na kupiga. Kupiga najua.

Vibuti vya baridi ijayo nashona mimi. Vitakuwa vibaya, najua. Vitakuwa na alama ya ufagio mahali fulani, na utamvalisha hivyohivyo uende naye darasani, kila mtu avione.

Ila sijui mtoto anakua kiasi gani kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi. Wewe unajua. Kwa hiyo ukimaliza kuchora, chora mstari wa pili kwa nje, wa mguu atakaokuwa nao nitakapofika. Huo wa pili nakuachia wewe upime. Usinidanganye hata unene wa kucha.

Mdogo wako, mama yake Sezim,
Nurzat